Ukurasa wa Nyuma wa Daftari la Vipimo

Chumba cha Ushonaji,
Mlango wa nne, nyuma ya duka la rangi.

Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yako, na mkwe wetu, na yule bosi mpya wa nyumba asiye na meno. Sisi huku tuna uzima, tunamshukuru Mungu, ingawa uzima wangu mimi ni wa mwili tu.

Goti linaendeleaje? Umepata mtu wa kukuchua? Binti yako aliniambia nyumba yao ina ngazi, nikasema loo, ngazi na goti lile! Usizipande kwa haraka. Shika ukuta, na kama kuna mtu nyuma yako mwache angoje. Wewe una tabia ya kumpisha kila mtu mpaka unabaki peke yako mlangoni.

Na mjukuu wetu, bado hataki kulala mchana? Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa tunamlaza kwenye kapu la vitambaa chini ya meza ya kukatia, vyerehani vikinguruma analala, tukinyamaza anaamka na kudai haki yake. Cherehani chako kikifika huko, jaribuni dawa hiyo.

Ndiyo, kinakuja. Dereva wa lori atakipitia Ijumaa asubuhi. Nimekitia mafuta, nimekibadilishia mkanda, na nimekifunga kwa lile blanketi la kijivu ili kisikwaruzwe njiani. Barua hii nimeiweka kwenye droo ya bobini. Najua droo hiyo haifunguliwi na mtu mwingine ila wewe, na ninataka ujumbe huu ufike kwako bila kupitia mikono ya watu.

Kwa hiyo nakuomba, usimpe binti yako akusomee. Wala mkwe, wala yule jirani yenu ambaye hata salamu anaitoa kama anatangaza kwenye redio. Isome mwenyewe. Nimeandika herufi kubwa zilizoachana, na kila mstari nimeruka mmoja ili macho yasichoke. Najua unajua kusoma, Dada. Najua tangu siku nyingi, na hilo ndilo linaloniandikisha.

Kwenye simu nisingeweza. Nikipiga, simu yenu inapaza sauti sebule nzima, unaniambia "hatujambo, tuko salama," halafu unampa mtoto anililie. Nami nashukuru analia, maana nikibaki na wewe tu sina la kusema.

Jumatatu binti yako alipopiga akasema, "Mama mdogo, Mama anasema cherehani chake kiletwe," nilimjibu "sawa" kama mtu aliyeulizwa saa. Nikakata simu nikakaa. Uliondoka ukisema ni miezi miwili, umsaidie mzazi mpaka apate nguvu. Huu ni mwezi wa tano. Mtu mwenye nia ya kurudi haagizi cherehani chake. Nimeelewa, na sikulaumu.

Sikulaumu kwa sababu hukuondoka kwa ajili ya mtoto. Uliondoka kwa ajili ya ukurasa wa nyuma wa daftari la vipimo. Haya, nimesema.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana katika habari za vitabu vyangu wewe ulipata mahubiri tu, maelezo hukupata. Unakumbuka nilivyoingia kile kikundi cha kusoma cha Jumamosi, kule ukumbini nyuma ya zahanati. Aliyenipeleka ni nesi, yule wa gauni la mabega mapana. Tulikuwa saba: nesi, dereva wa lori, muuza vioo, mama wa duka la dawa, vijana wawili wa benki, na mimi, na Mwalimu mstaafu akituongoza. Kila mwezi kitabu kimoja. Hakuna hadithi, ni vitabu vya maarifa tu, vya jinsi mtu anavyoweza kujiendeleza, kuamua mambo, na kuielewa jamii anayoishi.

Dada, mimi nilikuwa na njaa. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye kiti kile nikisikia mazungumzo ya kiuno na kifua na urefu wa mikono. Ghafla nimekaa na watu wa benki, na nikitoa hoja wanaandika! Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kama maandazi. Hilo nakiri mapema ili lisinicheleweshe.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mazoea mema. Amka kabla ya jua, andika malengo, kunywa maji. Wiki ya pili tu nikasinzia juu ya cherehani saa nne asubuhi, nikamshonea mwalimu mkuu suruali ambayo mguu mmoja nimeufunga huku chini. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. "Malengo yametimia," ukasema, "huyu sasa hatoki tena nyumbani." Mimi nikanuna siku nzima. Wakati ule ungenichapa kwa futi ningesikia uchungu kidogo kuliko kuchekwa.

Kitabu cha pili kilifundisha kusema hapana bila kutoa sababu. Hicho nacho nikakishika kama ilani ya serikali. Mteja akisema, "Nibanie kidogo kiunoni," namwambia hapana. "Unaweza kumaliza Alhamisi?" Hapana. Nikawaona wakitoka na mafurushi yao, na wewe unatoka nyuma yao na goti lako, unawarudisha kwa upole kutoka barabarani. Nilidhani unaniharibia msimamo. Kumbe ulikuwa unaniokotea nilichokuwa ninakitupa.

Kisha kikaja kile cha tatu, chenye jalada la kijivu, cha maamuzi. Huyo ndiye aliyenimaliza. Nasema "huyo" kana kwamba ni mtu, na ni ujanja wangu tu, kwani kitabu hakikushika kalamu. Kilisema mtu aorodheshe watu anaokuwa nao kila siku, awagawe safu mbili. Safu ya kwanza ni wale wanaokupeleka mbele. Safu ya pili ni wale wanaokurudisha nyuma. Mbele ya kila mmoja uandike sababu. Halafu kwa mwezi mmoja uwapunguzie wa safu ya pili muda wako, uone maisha yanavyonyooka.

Nilikuwa dukani peke yangu, ni saa ya chakula, umekwenda kwa mambo yako ya Alhamisi. Mkono unaniwasha. Daftari langu liko nyumbani, na hata lingekuwepo, shemeji yako, mume wangu huyu, anasoma kila kilichoandikwa, hadi karatasi za kufungia misumari. Nikalitazama daftari la vipimo. Nikajiambia, hapa ni salama kuliko kabati lenye kufuli.

Na wewe unajua kwa nini nilijiambia hivyo. Kwa sababu katika daftari lile upande wako hapakuwa na majina. Namba ulizijua tangu zamani, lakini watu uliwachora. Nesi ni bomba la sindano. Mwalimu mkuu ni kengele. Yule mama mwenye mapacha ni mayai mawili. Wateja walikuwa wanaomba kuona michoro yao, na yule fundi wa redio aligombana na wewe kwa kumchorea masikio tu. Mimi nilidhani maneno kwako ni kama ukuta. Nikaligeuza daftari, nikafungua kutoka nyuma, nikapiga mstari katikati kwa chaki kwanza, kisha kwa kalamu.

Safu ya kwanza niliandika Mwalimu, nesi, na wale vijana wa benki ambao hata majina ya wake zao siyajui. Safu ya pili niliandika jirani mpiga soga, shemeji yako, na wewe. Shemeji yako nilimfuta jioni ile ile, kwa kuwa alikuja na samaki bila kuombwa. Wewe sikukufuta.

Mbele ya neno "Dada" niliandika sababu nne, na nitaziandika tena hapa, maana sitaki uone nimezikimbia. Mzito. Anapiga soga na wateja. Haoni mbele. Kila Alhamisi mchana hayupo, kisingizio goti.

Baada ya hapo nikaanza kufuata kitabu. Nadhani uliona, Dada, kwani si rahisi kutoona. Nilikigeuza cherehani changu kikaangalia dirishani, tukawa tunapeana mgongo. Chai nikaanza kunywa kwa muuza vioo. Nikakuachia mapindo na vifungo tu, nguo nzima nikashika mimi, wewe uliyenifundisha kuweka kola! Ukiniuliza jambo, nakujibu neno moja. Siku ile uliponiambia, "Mdogo wangu, nimekukosea?" nilisema hapana, nikaendelea kushona, na nikaona fahari kwamba sikutoa sababu.

Sasa nikuambie habari za Mwalimu. Unajua aliugua, akalazwa, kisha watoto wake wakamchukua akakaa kwao. Amerudi wiki mbili zilizopita, amekonda lakini maneno yake yako palepale. Alikuja dukani na miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, akaangalia kiti chako. Akaniuliza, "Dada yako ameendeleaje na masomo? Alikuwa amebakiza kidogo sana."

Nikamuuliza masomo gani. Akacheka akadhani namtania. Akasema, "Ya Alhamisi."

Jamani. Dada. Nilikuwa nimeshika pasi, nikaiweka juu ya kitambaa cha mtu na sikuiinua mpaka kikanuka. Kumbe kila Alhamisi ulikuwa unakwenda kwa Mwalimu, nyumbani kwake, kwenye kibaraza, na goti hilo hilo, ukikaa na daftari la watoto la mistari mipana. Miezi kumi. Ukamlisha kiapo asiniambie. Mwalimu anasema alikuuliza kwa nini ukubwani hivi, ukamjibu, "Nataka niingie kwenye kikundi chao siku moja nikae kiti cha mbele, nimwone yule Kiherehere atafanya uso gani." Anasema ulicheka sana uliposema hivyo. Nami ninakijua hicho kicheko chako, nakisikia hapa.

Kumbe nilikuandika kwenye safu ya wanaonirudisha nyuma kwa sababu ya Alhamisi zile zile ulizokuwa unanifuata mbele. Nisikufiche, nilipokwisha kulipanga hilo kichwani nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia mpaka muuza vioo akaja kuuliza kama nimeanguka.

Mwalimu aliniletea daftari lako ulilosahau kwake. Nimeliweka kwenye droo pamoja na barua, ni mali yako. Nisamehe, nililifungua. Ukurasa wa mwisho alikuwa amekupa zoezi la sentensi nne juu ya mtu wa nyumbani. Uliandika: Mdogo wangu anasoma vitabu. Anasoma mbio. Mimi nasoma pole pole. Siku moja nitamsomea yeye. Mwalimu ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu na tarehe. Nimeilinganisha tarehe. Ni wiki ile ile niliyochora ile safu yangu.

Ningeishia hapa, Dada, barua hii ingependeza. Mdogo mjinga aliandika upuuzi, hakujua dada yake anasoma, amejua sasa, anaomba radhi. Shemeji yako anajua hadithi kwa namna hiyo, na Mwalimu pia. Mwalimu amenifariji, akaniambia, "Hukukusudia, mwanangu, ulidhani hatosoma." Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia uongo.

Maana mimi nilikuona.

Ni siku nne kabla hujaniambia unasafiri. Nilikuwa nimetoka kununua zipu, nikarudi mapema kwa sababu duka la kwanza tu walikuwa nazo. Pazia la mlangoni lilikuwa wazi nusu. Umesimama kwenye meza ya kukatia, daftari limefunguliwa kutoka nyuma, kidole kinatembea chini ya maneno na midomo inacheza. Labda ulikuwa unafanya mazoezi tu, unasoma chochote kilicho karibu. Nimegundua baadaye kwamba ulikuwa umeanza kuandika kwa penseli pembeni mwa michoro yako, "nesi" kwenye bomba la sindano, "mwalimu mkuu" kwenye kengele. Kidole kikafika mahali kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena. Nilisimama pale nje na zipu zangu nikakuona unasoma mara tatu.

Kisha ukalifunga daftari, ukalinyoosha jalada kwa kiganja, ukarudi kwenye pasi. Mimi nikarudi nyuma hatua kama kumi, nikaja nakohoa ili unisikie. Ukaniuliza, "Umezipata nyeusi?" Nikasema nimezipata. Ukasema, "Vizuri." Sauti yako ilikuwa ya kawaida kabisa. Hata leo sijui uliitoa wapi.

Nilijua, Dada. Usije ukamsikiliza mtu akakuambia sikujua. Nilijaribu kujidanganya kwamba unahesabu kurasa zilizobaki, lakini mtu anayehesabu kurasa hachezeshi midomo. Na kuna jambo baya kuliko kujua. Niliona nafuu. Nilisema moyoni, afadhali amejionea mwenyewe, sasa sina haja ya kumwambia. Ndiyo lile wazo lililopita kichwani mwangu mimi, mtoto uliyemlea mgongoni. Wewe uliachishwa shule darasa la kwanza Mama alipolala kitandani, ili mimi niwe na wa kunipikia uji. Kusoma kwenyewe nilikokuwa nakuringia kulitoka kwako, na nilipokuona hatimaye unasoma, nikashukuru kwamba umesoma hicho.

Uliposema unakwenda kumsaidia binti yako, nilikufungia mizigo kwa mikono yangu. Uliniambia, "Mbona una haraka, au kuna mgeni anakuja kuchukua chumba?" Ukacheka. Mimi nikacheka pia. Nilikufungia haraka mno, na wewe uliona.

Jumamosi iliyofuata, kwenye kikundi, tulikuwa na kitabu cha jamii. Kulikuwa na sura inayouliza kwa nini watu wengi wakimwona mtu ameanguka njiani, kila mmoja anangoja mwenzake ndiye asogee. Ah, nilisema siku hiyo! Nilisimama kabisa. Nikasema tatizo ni woga, nikasema mimi ningekuwa wa kwanza kukimbia. Nesi akapiga makofi. Vijana wa benki wakaandika. Na wewe ulikuwa na siku tano tu tangu uondoke.

Sijawaambia mpaka leo. Nitawaambia, lakini nimeona wewe ndiye wa kwanza kustahili kusikia. Mara mbili nimekwenda Jumamosi nikitaka kusema, nikafika nikazungumza habari za mvua. Usinione ninaandika hivi ukadhani nimekuwa jasiri.

Vitabu sivichomi moto, ikiwa unajiuliza. Vingine vimenifaa. Kile cha mazoea kimenifundisha kuweka sindano mahali pamoja. Shemeji yako, ambaye tangu akiwa fundi mwashi anajiona pia hakimu, ameniambia timazi la kupimia wima halina kosa, kosa ni la aliyejenga ukuta. Nilimwambia aende akapige plasta. Lakini amesema kweli. Hakuna mahali kitabu kile kilisema, mwandike aliyekulea. Hilo nililitoa mwenyewe. Nilitaka kuwa mtu wa maana mbele ya wale watu, na wewe, na michoro yako ya mayai mawili, nilikuonea aibu. Lo! Neno lenyewe limetoka. Nilikuonea aibu, Dada. Orodha ilikuwa njia ya kuliita jina zuri.

Nilijaribiwa nisikutumie cherehani. Jumatatu na Jumanne nilikuwa natafuta sababu: kibovu, dereva hana nafasi, mvua. Nilifikiri kikibaki hapa basi na wewe una cha kurudia. Ni chako. Umekaa mbele yake miaka yote hiyo, na huko kuna mtu wa kulazwa kwa mlio wake. Kinakuja.

Dereva ameniambia mbele ana kiti, nipande nikilete mwenyewe. Shemeji yako naye amenishikilia, "Nenda, nenda ukamalize." Nimekataa, na nakuomba unielewe kwa nini. Nikifika hapo na machozi yangu, watu wamejaa sebuleni, mtoto unampakata, wewe utaniangalia na kusema, "Yamekwisha, njoo ule." Unavyosema siku zote. Nilipovunja kile chungu cha Mama cha udongo, yamekwisha. Nilipochelewa mazishi ya marehemu mume wako kwa kungoja gari lenye kiti cha dirishani, yamekwisha, njoo ule. Hata sijawahi kufika mwisho wa kosa langu hata moja, kwa sababu unanikatiza njiani na sahani ya chakula. Nimekula yamekwisha zako tangu nina miaka mitano, nikafikiri ndivyo dunia ilivyo, kwamba mtu anaweza kukufanyia lolote nawe ukampakulia.

Safari hii usiniambie yamekwisha. Nakuomba kwa mikono miwili. Keti kwenye kiti chako cha cherehani, chukua penseli, nimekuchongea mbili, ziko kwenye droo, na uniandikie. Usimwite binti yako akushikie kalamu. Niandikie ulivyosikia kidole chako kilipofika kwenye neno lile, na ukarudia mara ya pili, na mara ya tatu. Niandikie ulivyokaa siku nne ukipiga pasi ukiningoja niseme neno. Maana ulikuwa unaningoja, sivyo? Ulikuwa unanipa siku nne. Hilo nimelijua leo tu, nikifunga blanketi.

Nigombeze. Hujawahi kunigombeza hata siku moja, na sidhani ni kwa kukosa maneno. Ukikosea herufi, kosea. Ukichora, chora, nitajua ni mimi. Ukihitaji mwaka, chukua mwaka. Na ukiona huna la kuniandikia, sitamtuma mtu aje kukubembeleza, wala sitapiga simu kumsikiliza mtoto analia. Lakini ukiandika, barua ya kwanza ya maisha yako iwe ya kunikasirikia, nami nitaisoma pole pole mpaka mwisho, hata pale patakaponiuma.

Nisalimie binti yako, mwambie mama yake mdogo anamshonea mtoto vazi la baridi, ila vifungo vimebaki. Msalimie mkwe wetu na mgongo wake. Mbusu mjukuu kwenye kisigino, pale wanapochekea. Shemeji yako anakusalimu sana, nesi anakusalimu na anasema hakuna anayempatia mabega kama wewe, na Mwalimu anakupa salamu za shikamoo, akisema mwanafunzi mtoro huamkiwa na mwalimu wake.

Mwenyezi Mungu akulinde katika ngazi zile, akuponye goti, ampe mtoto usingizi na wewe akupe moyo mweupe, lakini asikuharakishe.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda, niliyekuona ukisoma nikanyamaza.